Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

Wiki jana mliniacha mlangoni mwa saiba yangu, simu mkononi. Mdogo wangu Kinsi alikuwa amesimama mbele yangu na hina mbichi kwenye vidole, akinieleza kwamba nikahi yake ya Ijumaa imesimamishwa. Sababu aliyopewa ni moja tu. Nyota zao hazipatani.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, nitakupitisha haraka, wenzako wasije wakanuna. Mimi ni Idman. Saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, iko hapa Garissa, ng'ambo ya barabara ya soko la mifugo. Watu huja kujaziwa fomu, kuandikiwa barua na kutolewa nakala. Hiyo ndiyo kazi yangu inayojulikana.

Kazi ya pili ilikuwa ndani ya simu. Humo mimi nilikuwa Bi Najma wa Lamu, mnajimu na mjukuu wa wanajimu, na wanawake zaidi ya mia mbili walinitumia sauti zao wakiniuliza mambo ambayo hawathubutu kumuuliza mtu wanayemjua. Niliwahi kuolewa Lamu miaka minne, na ndoa ile haikuniachia kitu ila Kiswahili chake. Huku kwetu mnajimu wa mbali huaminika kuliko wa jirani, kwa kuwa wa jirani wanamwona akinunua vitunguu.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi halijui. Huku, tarehe moja Januari ni siku ya kuzaliwa ya nusu ya mji. Mtu amezaliwa malishoni. Mama yake anakumbuka ulikuwa ukame gani na ni ngamia yupi aliyezaa wiki hiyo, lakini fomu haina nafasi ya ngamia. Fomu inataka siku, mwezi na mwaka. Basi anayeijaza anakuuliza una miaka mingapi hivi, anapiga hesabu ya kutoa, anaandika tarehe moja Januari, unapata kitambulisho na maisha yanaendelea.

Kabla ya saiba, nilikaa miaka mitano chini ya mwavuli nje ya lango la ofisi ya vitambulisho nikiwajazia watu fomu hizo. Keinan, mchumba wa Kinsi, nilimjazia mimi. Kinsi nilimjazia mimi.

Kisha siku moja, mwanamke nisiyemjua akamtumia Bi Najma ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili cha Msomali anayetamka p kama b. Alisema, "Mimi ni mama. Kijana yangu nataka oa. Yeye nazaliwa tarehe moja mwezi ya kwanza. Na msichana bia tarehe moja mwezi ya kwanza. Iko sawa ama iko mbaya?"

Siku hiyo nilikuwa na ujumbe arobaini wa kujibu na umeme ulikuwa umekatika. Nikamwambia kwamba hao wote wawili ni nyota ya Mbuzi, na mabeberu wawili hawalishwi kwenye karai moja, mmoja atatoka na damu. Nikaona nimesema vizuri. Hata nilijisikiliza mara ya pili, kwa raha.

Mama huyo alikuwa Batula, mama yake Keinan. Kijana ni Keinan. Msichana ni Kinsi wangu, niliyemlea tangu mama yetu afariki, yeye akiwa na miaka minane. Sauti ya Batula naijua, lakini naijua kwa Kisomali. Mtu akiongea lugha ya watu huwa na sauti nyingine, na mimi ni wa mwisho kushangaa jambo hilo.

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kama mimi mwenyewe naamini nyota. Nilitaka kumjibu kwamba siamini hata chembe. Lakini kila asubuhi kabla ya chai mimi husoma nyota yangu kwenye simu. Kitambulisho changu nacho kinasema tarehe moja Januari, na mwandiko kwenye fomu ulikuwa wangu. Nikisoma kwamba leo nijihadhari na safari, hata kuvuka barabara kufuata mkate natazama mara tatu. Ukielewa hilo umenielewa.

Turudi kwa Kinsi.

Ilikuwa Jumanne adhuhuri. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kompyuta iliyozimwa, akaweka mikono yake juu ya magoti ili hina isichafue dera. Hakulia. Ningefurahi angelia, maana ningejua la kufanya. Alinieleza kwamba Keinan amepiga simu kutoka Dagahaley, anakofundisha, akasema mama yake amefunga mlango na hasikii la mtu. Keinan hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, na Kinsi alisema haya ile ndiyo iliyomtisha.

Miaka sita wamengojana hao. Kwanza walingoja Keinan amalize chuo. Kisha kaka yake Billow akafa, wakangoja matanga yaishe. Kisha Kinsi akapata kazi ya muda ofisi ya maji ya kaunti, wakangoja iwe ya kudumu. Sasa kila kitu kilikuwa tayari, hata mbuzi wa karamu walikuwa wamefungwa uani kwetu wakila maboksi yangu ya karatasi.

"Idman," akasema, "wewe unaamini hizi nyota?"

Nikasema hapana, upesi kuliko ilivyofaa.

"Mimi pia siamini. Lakini tangu jana nimekumbuka kwamba siku walipoleta posa, tairi ya gari lao ilipasuka mara mbili. Na siku ya kupima nguo, sindano ya fundi ilivunjika. Nilikuwa nimeyasahau yote hayo. Sasa yanakuja yenyewe, moja baada ya jingine."

Nilimwambia tairi hupasuka kwa sababu ya barabara. Akakubali kwa kichwa, lakini niliona hakunisikia. Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nikiwafanyia wale wanawake mia mbili. Sikuwa nawaambia kitu kipya. Nilikuwa nawapa kamba, na wao wenyewe wanafungia kila walicho nacho.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Huyo mwanamke wa Lamu, siku moja nitamwona," akasema. "Sitamtukana. Nitamuuliza tu nilimkosea nini."

Akaondoka na tuktuk. Mimi nikabaki natazama kiti.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Najua. Mngemkimbilia, mngesema ni mimi, mngeangukia miguu yake. Nami niliwaza hivyo kwa muda wa kumeza glasi moja ya maji. Kisha nikawaza saiba, nikawaza lango lile na fomu zangu za miaka mitano, nikawaza sura ya Kinsi. Nikachagua njia ya mkato, kama kawaida yangu.

Nilifunga mlango, nikasafisha koo, nikawa Bi Najma. Nikamtumia Batula ujumbe mtamu. Nilimwambia nimerudia hesabu kwa sababu usingizi ulikataa, nikagundua kwamba tarehe za kwenye kadi zina kasoro, na kwamba kwa kweli vijana hawa wana nyota njema, awaoze kwa heri.

Jibu lilikuja kabla ya alasiri. "Bi Najma, asante. Lakini jibu ya kwanza wewe nabatia mimi bila kujua mimi ni nani. Hii ya bili, bengine mtu nakuja kwako na maneno. Mimi nashika ile ya kwanza."

Nikamtumia mwingine. Akaufungua, hakujibu. Wa tatu ulikaa na alama moja tu ya kijivu. Bi Najma wa Lamu alikuwa amezuiwa na mteja wake kwa kosa la kusema ukweli.

Siku ile sikutulia mahali. Nilipanga karatasi, nikazipangua. Nilikosea jina la mtu kwenye barua mara mbili, akaniuliza kama naumwa. Nilihesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa kwa vidole, na vidole vilikuwa vingi kuliko siku.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Batula mwenyewe, kama dada wa bibi harusi. Alinipokea kwa heshima. Alinitilia chai ya maziwa ya ngamia, akanisogezea anjera na samli, akaniuliza habari za kazi. Yote tuliyosema yalikuwa kwa Kisomali, nami nawapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Sikuwa na haja ya kuzunguka. Nilimwambia, "Eedo, mdogo wangu amekukosea nini?" Eedo ni shangazi, na ndivyo tunavyomwita mwanamke wa umri wake hata kama hatuhusiani kwa damu.

Akasema Kinsi hajamkosea kitu, na kwamba angemchagua yeye kama angeambiwa achague mmoja katika wasichana wote wa mji. Kisha akafuta kikombe ambacho hakikuwa na uchafu.

"Billow nilimuoza bila kumuuliza mtu," akasema. "Baba mkwe wangu alikuwa hai. Alitutazama, akatuambia ngojeni mwezi huu upite, umekaa vibaya. Sisi tukacheka. Tulikuwa tumesoma, tulikuwa mjini. Miezi mitatu baadaye lori lilimpindukia njia ya Hulugho. Usinieleze kuhusu breki, hooyo, mwanangu. Habari za breki niliambiwa. Mimi nataka kujua tu kwamba safari hii niliuliza."

Nilikuwa nimemfikiria kama mwanamke mjinga, na mbele yangu alikaa mtu mwenye maumivu ambaye hakuwa na mahali pa kuyaweka. Nilijichukia kabisa, tena nilijichukia nikiwa nakula samli yake.

Nikajaribu upande mwingine. Nikamwambia tarehe hizo za Januari si za kweli, kila mtu anajua. Je, Keinan alizaliwa lini hasa?

Uso wake ukafunguka. Akasema Keinan alizaliwa katika yale mafuriko makubwa ya El Niño, wao wakiwa na mifugo upande wa kusini, njia ya kuelekea Hulugho. Maji yaliwazunguka, wakapanda mwinuko mmoja pamoja na watu wa kila namna wasiojuana. Chini ya mwinuko lori la sukari lilikuwa limezama, sukari ikayeyuka yote magunia kwa magunia, na watoto wakawa wanashuka kuteka maji ya mafuriko wayanywe kwa kuwa yalikuwa matamu.

"Nilijifungua hapo," akasema. "Siku ya tatu homa ikanichukua. Siku saba sikujua mbingu wala ardhi. Nilipoamka mtoto alikuwa amenona. Mama mkwe wangu aliniambia mwanamke mmoja alimnyonyesha pamoja na wake, mchana na usiku, na kwamba maji yalipopungua watu wake waliondoka na ngamia wao. Hakumuuliza jina. Hadi leo kila nikiswali namwombea mwanamke huyo, na simjui uso."

Nilisikiliza kwa nusu sikio, Mungu anisamehe. Mimi nilikuwa natafuta tarehe.

Mwishowe alinipa tundu la kupitia. Alisema ya simu ameyasikia na yamemtosha, lakini zamani kulikuwa na watu waliojua mbingu kwa macho yao. Akitokea mmoja wa hao, akahesabu kuzaliwa kwa Kinsi kwa mwezi na nyota badala ya kadi, akasema hapana ubaya, yeye Batula atakubali na nikahi itafungwa Ijumaa hiyo hiyo.

Nilimwambia, "Tunaye. Abti Yarrow wa Hulugho."

Batula alilijua jina. Alisema mzee huyo ndiye aliyewaambia watu wahame mabondeni mwaka ule wa mafuriko, na waliomsikia walipona. Nilitoka pale karibu nikimbie.

Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Yarrow ni kaka wa mama yangu, ana miaka themanini au zaidi, na kadi yake nayo inasema tarehe moja Januari. Kwa bahati alikuwa anakuja mjini na mbuzi wa kuuza. Alhamisi baada ya adhuhuri alitokea saibani akiwa na fimbo yake na vumbi la safari nzima, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaitazama feni kwa mashaka.

Nilimpa maji, kisha chai. Alipomaliza kikombe cha pili nilimwambia kila kitu. Nasema kila kitu. Bi Najma, mabeberu wawili, ujumbe wa pili, alama ya kijivu. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi kwake. Labda kwa sababu hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara, mbuzi wakipita.

Aliuliza jambo moja tu. "Hiyo nyota ya kwenye simu, unaiona wapi juu?"

Nikasema haionekani. Ni hesabu tu ya tarehe.

"Na tarehe uliandika wewe."

"Niliandika mimi, abti."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikoi. Kisha akaacha kucheka, na akaniambia jambo nililolibeba mpaka leo. Alisema yeye ametazama nyota tangu ananyoa kichwa mara ya kwanza, na nyota humwambia mvua iko mbali au karibu, basi. Watu walipoanza kumuuliza habari za ndoa na safari na maradhi, aliwaambia hajui. Hawakuondoka. Waliendelea kukaa. Basi akaanza kuwasikiliza, na wakimaliza kusema huwa wamekwisha amua, na yeye anaitikia tu. Wao wakarudi nyumbani wakisema nyota imesema.

"Kosa lako si kusema nyota," akaniambia. "Kosa lako ni kuwa na haraka. Hukumngoja yule mama amalize."

Akaniambia nimwite Batula, nimwite Kinsi, tukae hapo wote, nikiri kwa mdomo wangu mbele yake. Yeye atahesabu kuzaliwa kwa Kinsi ili moyo wa Batula utulie, nami nitasema yangu, na kesho nikahi ifungwe. Nilikubali. Naapa nilikubali kwa moyo mweupe. Nilipiga simu mbili, wote wakasema watafika baada ya alasiri.

Tukiwa tunangoja nilimwomba afanye hesabu yake mapema, nipate kuisikia. Nilikuwa na hamu tu. Mambo yangu yote mabaya huanza na hamu.

Alifumba macho. Mchana kweupe, chini ya feni, mzee akaanza kutembea angani. Alisema ulikuwa mwaka wa mafuriko. Mawingu yalikaa siku nyingi, kisha alfajiri moja yakapasuka kidogo, akaona mwezi mwembamba wa kuelekea kufa umelala karibu na Dirir, ile nyota ambayo wachungaji huitazama kwa ajili ya mvua. Asubuhi hiyo dada yake alimzaa Kinsi.

Mimi haraka haraka kwenye simu nikatafuta. Mwezi wa Novemba, mwishoni. Kwa hiyo Kinsi si Mbuzi kabisa, ni Mshale. Nilitabasamu peke yangu.

"Mama yako alikuwa na maziwa mengi," abti akaendelea, macho bado amefumba. "Sisi tulikuwa tumekwama mahali, maji kila upande. Lori la sukari lilikuwa limezama pale chini, watoto wanakunywa maji ya mto kama chai. Kulikuwa na mwanamke wa watu wengine, ana homa, karibu afe, na kitoto chake cha kiume kinalia. Mama yako akakichukua. Siku saba alikuwa na wawili kifuani, Kinsi kulia, yule kushoto. Nilimwambia atakauka. Akasema maziwa si yangu, ni ya Mungu."

Akafumbua macho, akaomba chai nyingine.

Mimi wakati ule nilikuwa mtoto wa miaka saba, nimeachwa mjini kwa bibi nisome chuo cha Kurani, na mama hakuwahi kunisimulia. Lakini jana tu nilikuwa nimekula samli ya mwanamke aliyenisimulia nusu ya pili.

Kwa asiye wa dini yetu nieleze kwa maneno machache. Watoto wawili wakinyonya ziwa la mama mmoja hadi kushiba, mara tano, wamekuwa ndugu. Hawaoani. Hakuna sheikh atakayelegeza hapo, na mama yangu alinyonyesha siku saba, mchana na usiku.

Keinan na Kinsi ni ndugu. Miaka sita wamengojana, na ni ndugu.

Na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Abti alijua kuna mtoto, hakujua ni mtoto wa nani. Batula alijua kuna mwanamke, hakujua ni nani. Nusu mbili zilikuwa zimekutana katika kichwa changu peke yangu, kichwa cha mwongo kuliko wote Garissa.

Nilifikiri kunyamaza. Hilo nalikiri hapa, kwa kuwa hii ni sehemu mbaya kuliko zote nilizowahi kuwasimulia. Nilifikiri kwamba mtu akioa ndugu yake wa kunyonya bila kujua hana dhambi. Wao hawajui, basi wao wamesalimika, na dhambi itakuwa yangu. Nilikuwa tayari nina nyingi. Nikafikiri pia kwamba nikisema, Bi Najma atakuwa alisema kweli. Mji mzima utasema nyota ilijua. Wanawake mia mbili watakuwa elfu mbili, na hakuna atakayeniamini tena nikisema nilibuni.

Nje tuktuk ikasimama. Wakaingia wawili, wameshikana mikono, Batula na Kinsi. Kinsi alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Jumatatu.

Batula alimwamkia abti kwa heshima zote, akauliza habari za mifugo, za mvua, za watoto. Kisha akasema hana haja ya hesabu tena. Jana yote alikuwa akifikiri, na leo asubuhi alikwenda kukaa kaburini kwa Billow, na huko akajiuliza kama anamlinda Keinan au anajilinda mwenyewe. Akasema nyota ameziacha. Amekuja tu kumsalimu mzee na kumchukua mkwe wake wakatazame nguo.

"Ni mtoto wangu huyu," akasema, akimvuta Kinsi karibu. "Nimemtia uchungu wa bure."

Kinsi akaniangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa. Abti naye alinitazama, akanikonyeza kidogo, maana kwake hii ilikuwa zamu yangu ya kukiri na mambo yaishe vizuri.

Batula akakaa. Akapewa chai. Akawa mchangamfu kama mtu aliyetua mzigo, na mtu wa namna hiyo huongea.

"Mzee," akasema, "wewe ndiye uliyetuambia tuhame mwaka ule. Mimi sikuhama mapema. Kijana wangu huyu anayeoa nilimzaa katikati ya maji, juu ya mwinuko. Na kuna mwanamke mmoja..."

Nilijua lililofuata. Maneno matatu zaidi na atafika kwenye sukari. Nikatafuta kitu cha kumkatiza, chochote, na katika nyumba nzima ya akili yangu nilikuwa na kimoja tu kikubwa cha kutosha.

"Bi Najma ni mimi," nikasema.

Batula akabaki na kikombe hewani. Nikasema tena. Nikasema yote, upesi, kwa sauti ya juu, mwavuli nje ya lango, kalamu, tarehe moja Januari, mabeberu wawili, Lamu. Niliukiri uongo wangu kwa nguvu zote ili niufunike ukweli. Nilimtazama Kinsi nikisema, na niliona mkono wake ukitoka polepole katika mkono wa Batula, ukaja kifuani kwake, ukakaa hapo.

"Wewe," akasema.

Feni ilizunguka. Nikafikiri, anichukie. Anichukie miaka yote, lakini hadithi ya mwinuko imepita.

Abti Yarrow aliweka kikombe chake chini. Nilingoja anikemee, au anitetee. Hakunigeukia kabisa. Alikuwa amekunja uso, anamtazama Batula kama anavyotazama wingu asilolielewa, kama mtu ambaye hakusikia hata neno moja katika yote niliyosema.

"Huo mwinuko, mama," akasema taratibu. "Chini yake kulikuwa na nini?"